Kigoma hadi Dubai msimu wa baridi: mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga begi

Anayekwenda Dubai Desemba au Januari akitokea Kigoma ana safari mbili ndani ya moja: Kigoma hadi Dar es Salaam, kisha Dar hadi Dubai. Ya pili ni kama saa sita angani na kwa kawaida haina maneno. Likizo za watu huharibikia kwenye ile ya kwanza, na kwenye karatasi. Huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Anza na pasipoti, miezi mitatu kabla kama huna kabisa. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, gharama ni shilingi 150,000 kwa jumla, na viambatanisho vya msingi ni cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au kiapo, kitambulisho cha NIDA na picha. Mkoa wetu unapakana na Burundi na unatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo usishangae ofisa akikuuliza babu alizaliwa kijiji gani na nani anamfahamu pale. Mwombaji wa Morogoro hasumbuliwi hivyo. Inaudhi, lakini kubishana dirishani hakuharakishi kitu. Nenda na karatasi za mzazi mkononi na barua ya serikali ya mtaa iwe imeshagongwa mhuri.

Kinachokwamisha wengi zaidi ni majina. Cheti kinasema Hamisi, NIDA inasema Hamis, tiketi imeandikwa na mpwa kwa simu na imesahau jina la ukoo. Rekebisha kwenye chanzo kabla ya kulipia chochote, maana kila karatasi inayofuata itanakili kosa la iliyotangulia. Tena, tangu Novemba 2022 Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai imo ndani yake, hazipokei mgeni wa matembezi ambaye pasipoti yake ina jina moja tu. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku ya kufika.

Mtanzania hapewi viza akifika uwanjani Dubai. Anaondoka nayo huku. Ya matembezi ni ya siku 30 au 60, na huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Picha yake ni ya mandhari nyeupe, tofauti na ile ya buluu uliyopiga kwa ajili ya pasipoti, kwa hiyo piga zote mbili siku moja. Peleka maombi wiki tatu kabla. Kwa kawaida majibu hutoka ndani ya siku chache za kazi, lakini tarehe 2 na 3 Desemba ni sikukuu ya taifa lao, ofisi hufungwa na maombi hurundikana. Viza ikitoka, isome herufi kwa herufi na namba kwa namba dhidi ya pasipoti. Ukizidisha muda, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku.

Hoteli lipia baada ya viza, au chagua inayoruhusu kughairi bure. Na kama aliyekuandalia safari anasema viza ni ya matembezi ila "kazi utaikuta hukohuko", hiyo si likizo, ni mtego. Kwa sababu ya mambo hayohayo, Uhamiaji pale uwanja wa Julius Nyerere huwahoji sana wasafiri vijana, hasa wasichana wanaosafiri peke yao. Chapisha tiketi ya kurudi, hoteli uliyolipia na taarifa ya benki, zikae kwenye bahasha moja. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili.

Afya. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla. Sindano moja inatosha maisha yote, tunza kadi tu. Kisha kuna malaria, ambayo Kigoma bado ni nyingi, na mtu anaweza kuondoka nayo mwilini ikiwa haijajionyesha. Homa ikikushika ukiwa Dubai, mwambie daktari maneno mawili ya kwanza kabisa: nimetoka sehemu yenye malaria, naomba kipimo. Huko hawaioni kila siku, na asipoambiwa anaweza kukutibu mafua.

Dawa ndizo zinazoweza kukufikisha mahabusu. Tramadol, kodeini na diazepam, ambazo huku mtu anaweza kuzipata kwenye duka la dawa bila maswali mengi, kule zinadhibitiwa vikali na zinahitaji kibali cha mamlaka zao kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Dawa za presha na kisukari hazina tatizo zikiwa kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Usimwage vidonge kwenye mfuko wa kaki. Unga wa mitishamba usio na lebo uache nyumbani, mirungi usiiguse kabisa, na mzigo wa mtu mwingine usiupokee hata akiwa shemeji yako.

Sasa njia ya kwenda Dar. Desemba ni katikati ya mvua zetu. Ndege ya Kigoma inaweza kuchelewa au kuahirishwa kwa hali ya hewa, na kama tiketi zako mbili zimekatwa kando kando, shirika la kimataifa halina habari na kuchelewa kwako. Ukikosa ndege ya Dubai, hasara ni yako. Njia mbili za kujikinga: kata tiketi moja inayounganisha safari zote, ili shirika libebe jukumu la kukuunganisha, au fika Dar siku moja kamili kabla. Treni ya zamani ya reli ya kati ipe siku mbili hadi Dar na uongeze siku mbili za tahadhari, kwa kuwa mafuriko ya kati ya Gulwe na Kilosa yameshakata reli mara nyingi. Njia nzuri zaidi kwa mwenye muda ni kushukia Dodoma na kuingia treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ambayo hufika Dar kwa saa chache tu.

Soma saa za tiketi kwa makini. Ndege ya 00:30 tarehe 21 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 21, maana yake uwe uwanjani jioni ya tarehe 20. Kila mwaka kuna watu wanaokwenda usiku unaofuata, mabegi yakiwa yamepangwa vizuri kabisa. Ndege za ndani hutumia Jengo la Pili, za kimataifa Jengo la Tatu. Pawabenki haiingii kwenye begi la chini ya ndege. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu isiyozidi Wh 100 (wati-saa, huandikwa kwenye pawabenki yenyewe), na huruhusiwi kuitumia angani. Kama unampelekea ndugu mawese na dagaa, mawese yaingie chupa yenye kifuniko cha kukaza, iviringishwe taulo ndani ya mifuko miwili, na iwe begi kubwa. Ya mkononi yatachukuliwa, maana kikomo cha vimiminika ni mililita 100. Dagaa wakauke hasa, la sivyo nguo zako zote zitanuka soko la Mwanga.

Kuhusu tarehe, sisi tungechagua kati ya tarehe 5 na 18 Desemba, au wiki mbili za mwisho za Januari. Hoteli za Dubai hupanda bei kuanzia Krismasi hadi tarehe 2 Januari, na mkesha wa mwaka mpya eneo la Burj Khalifa, lile ghorofa refu kuliko yote duniani, hufurika hadi kituo cha metro cha hapo hufungwa mapema jioni. Ukienda katikati ya Desemba unapishana pia na wanaorudi Kigoma kwa sikukuu, kwa hiyo nafasi za kwenda Dar hazigombaniwi sana. Angalia na mwandamo: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, na ratiba za mchana za maduka na migahawa hubadilika.

Baridi ya huko si ya kutisha. Mchana ni nyuzi 24 hadi 26, usiku 14 hadi 16, jangwani chini zaidi. Sweta moja nzito na koti jepesi vinatosha, ila vaa viatu vya kufunika vidole kwa safari ya jangwani, na beba mafuta ya mgando kwa ajili ya midomo. Kinachowashangaza watu wa ziwani ni bahari: Januari maji hushuka hadi nyuzi 22 au 23, baridi kuliko Tanganyika. Cha pili ni jua. Kwetu Desemba linazama saa 1 jioni imepita kidogo. Dubai, ingawa saa yao iko mbele kwa saa moja, linazama saa 11 na nusu. Ukipanga kwenda ufukweni saa 10 kwa mazoea ya Kigoma, umebakiwa na saa moja na nusu. Hiyohiyo saa ya machweo ndiyo tiketi za juu ya Burj Khalifa huwa ghali zaidi. Asubuhi ni nafuu.

Fedha: badilisha shilingi kuwa dola huku au Dar, noti mpya za 100 zisizo na mhuri wala mkunjo, kisha dola kuwa dirhamu kule. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, hivyo dola 100 ni kama dirhamu 367, na duka linalokupa 350 linakuibia. Hoteli itaongeza ada ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kulingana na nyota zake, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Simu inahitaji maandalizi kuliko mtu anavyodhani. Huko, ujumbe wa WhatsApp unafika ila kupiga sauti na video kumezuiwa. Waambie nyumbani mapema, la sivyo mama atadhani umepotea. Washa huduma ya ng'ambo kwenye laini yako ya Tanzania kabla ya kuondoka, kwa sababu namba za uthibitisho za benki zitatumwa kwenye laini hiyohiyo. Plagi ni ya pini tatu bapa kama zetu, adapta usinunue.

Ndani ya mji, kadi ya Nol ya rangi ya fedha, ambayo ndiyo ya kulipia nauli, ni dirhamu 25, ndani yake kuna 19 za kusafiria, na nauli ya metro ni 3, 5 au 7.50 kulingana na kanda. Teksi ya uwanjani inaanzia 25. Metro inafika Terminal 1 na 3 za uwanja wa ndege wa Dubai. Terminal 2 haina kituo. Kula, kunywa au kutafuna bigijii ndani ya metro ni faini ya dirhamu 100. Lala Deira, upande wa mji wa zamani, kama bajeti ni ndogo: boti ya abra kuvuka mkono wa bahari ni dirhamu 1, na soko la dhahabu unalifikia kwa miguu.

Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 5 unaweza kurudishiwa kama umenunua kuanzia dirhamu 250 kwenye duka lililosajiliwa, na pasipoti uionyeshe wakati wa kulipa. Maduka mengi madogo hayamo. Kwa bidhaa ya 1,050 kodi ni 50, unarudishiwa asilimia 85 yake ukitoa 4.80, yaani 37.70. Thibitisha manunuzi hayo uwanjani kabla ya kukabidhi mabegi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ibaki hukohuko, nchini Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Risiti zote ziweke karibu kwa ajili ya TRA. Na pima mzigo kwa hesabu ya ndege ya mwisho: ukiruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23 kutoka Dubai, ya ndani huenda ikakupa kilo 23 tu. Kinachozidi kipeleke kwa basi la Kigoma kama kifurushi, jina la mpokeaji na simu yake vikiwa vimeandikwa kwa maka peni pande mbili za boksi.