Somo: Soriasisi na chakula cha Ayurveda (tiba ya jadi ya Kihindi)

Tuelewane kwanza. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi, haiambukizi, na mpaka leo haina dawa ya kuimaliza kabisa. Kinga ya mwili huihimiza ngozi ijiotee upya kwa siku chache badala ya takribani mwezi, magamba yakarundikana. Kwa hiyo usitupe krimu ya daktari. Mimi niliacha ya steroidi ghafla, viwiko vikawa kama gome la mwembe.

1. Wiki mbili za mwanzo usibadilishe kitu. Andika tu unachokula na ngozi ilivyoamka.

2. Acha vyakula vinavyogombana, Wahindi huita viruddha ahara. Charaka Samhita, kitabu chao cha kale cha tiba, kinataja samaki kwa maziwa, tena katika vyanzo vya magonjwa ya ngozi. Hospitali hutasikia hilo, ila kuacha mchanganyiko huo hakugharimu kitu.

3. Punguza vinavyopandisha pitta, yaani joto la mwili: pilipili, siki, achari, pombe. Kwenye pombe hata daktari wa ngozi atakuunga mkono.

4. Usiku pika khichdi. Kikombe cha mchele, kikombe cha choroko zilizokobolewa, maji vikombe sita, chumvi, manjano nusu kijiko. Acha ivurugike kama uji mzito. Pembeni chemsha samli, tia binzari nyembamba. Ikianza kurukaruka na kunukia, mimina juu ya sufuria, chwaaa! Usiile na mtindi. Huo wa mchana, tena uuzimue kwa maji.

Maswali ya wanachama

*Samaki wa kupaka je? Si ana tui?*
Tui si maziwa, ndugu yangu. Kerala, jimbo la kusini mwa India, Ayurveda iliposhamiri, samaki wa nazi ni chakula cha kila siku. Punguza pilipili, kula.

*Nina kisukari, nitumie karela na uwatu?*
Vyote hushusha sukari. Kama unameza dawa, mwambie daktari kwanza.

*Kuna vidonge vya Kihindi vya ngozi, ninunue?*
Hapana. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa zebaki au risasi kwa makusudi. Mimi nafundisha sufuria tu.

*Wewe uliona nafuu baada ya muda gani?*
Miezi mitatu, viwiko vikalainika. Kichwani bado. Ila nilipungua kilo sita pia, na nashuku hizo ndizo zilizonisaidia kuliko choroko.