Unataka Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ? Cheki haya kwanza

Wadau wa Kigoma, injini hiyo ya lita 4.2 ni ngumu kweli ila cha kwanza uliza taimingi belti (mkanda unaozungusha valvu kwa wakati wake) imebadilishwa lini, maana ikikatika valvu zinagonga pistoni na hapo unafungua hedi (sehemu ya juu ya injini), sio hela ya soda. Vumbi la njia za Uvinza linaziba ea klina (chujio la hewa), ndo unaona moshi mweusi na dizeli inaisha ovyo.

Mafuta ya madumu yana maji, so legeza koki chini ya dizeli fita (chujio la dizeli) umwage hayo maji, ukizembea pampu na nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini zinakufa, hapo ndo utauza mbuzi. Piga jeki mbele, shika tairi juu na chini, tikisa, likicheza ni beringi au kingpini (pini ambapo tairi la mbele linageukia). Bushi (vile vipira vya miguuni) zikiisha zisikutishe, hizo bei ya kawaida tu.