Ndege akigonga kioo cha dirisha: ndege, kioo, kisha alama

Nyumba nyingi za Bukavu zilizojengwa kwenye miteremko ya Muhumba, Nguba na La Botte zina dirisha pana la sebule linalotazama Ziwa Kivu. Ukisimama nje asubuhi, kioo hicho kimebeba ziwa, mawingu na mparachichi wa jirani. Ndege haoni kioo. Anaona anga na matawi, na anaruka kuelekea huko kwa kasi yake yote.

Kazi ni tatu: kumhudumia ndege, kurekebisha kioo, na kuweka alama kwenye kioo ili ndege wengine wakione. Wenye nyumba wengi hufanya ya pili peke yake, na baada ya wiki chache wanaokota ndege mwingine pale pale. Kioo kipya kinachong'aa huakisi vizuri kuliko kile cha zamani chenye vumbi, kwa hiyo ni hatari zaidi. Usimlipe fundi kabla hujaamua alama utaziweka vipi.

Hatua ya 1: ndege aliye chini

Huenda hajafa, amepigwa na butwaa tu, na paka humkuta kabla yako. Chukua katoni ya viatu, itoboe matundu kama kumi kwa msumari kabla ya kumweka ndege ndani, utandike kitambaa laini. Taulo haifai, nyuzi zake hunasa kucha. Mfunike ndege kwa kitambaa chepesi, mwinue mabawa yakiwa yamelala mwilini, na usimbane kifua. Ndege hupumua kwa kusogeza mfupa wa kifua mbele na nyuma. Mkono unaobana hapo unamziba pumzi, na mwenye mkono hana habari.

Funga katoni, iweke mahali penye giza na kimya, mbali na jua, watoto na redio. Usimpe maji wala makombo ya mkate. Tone la maji kwenye mdomo wa ndege aliyezimia huingia kwenye njia ya hewa, na ndege wengi waliokuwa wanapona huuawa na huruma ya namna hiyo.

Baada ya saa moja toka na katoni nje, iweke chini, ifungue. Akiruka, kazi imekwisha. Asiporuka, funga tena na urudie baada ya saa nyingine. Bawa likining'inia, damu ikitoka mdomoni au jicho likivimba, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Giza likiingia usimwachie, subiri kukuche.

Mwewe ni habari nyingine. Mfunike kwa blanketi nzito na uangalie miguu yake, si mdomo. Kucha ndizo zinazojeruhi.

Aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Ingiza mkono kwenye mfuko, mchukue, ugeuze mfuko, umzike kwenye shimo lenye kina cha sm 50, mbali na banda la kuku, kisha unawe kwa sabuni. Hapikwi, wala hapewi mbwa: huwezi kujua kama alikuwa mzima kabla ya kugonga.

Hatua ya 2: soma ufa

Ndege wadogo kama chozi au shore ni wepesi mno kuvunja kioo kizima cha mm 4. Kikivunjika, ama ndege alikuwa mkubwa, njiwa au mwewe, ama kioo kilikuwa kimechoka tayari. Ndiyo maana ufa unatakiwa kusomwa kabla ya kioo kung'olewa.

Ufa ulioanzia katikati na kutawanyika kama nyota umetokana na pigo. Tafuta kando yake unyoya uliokwama, au alama ya unga mweupe. Njiwa na tetere huacha chapa nzima ya kifua na mabawa, kwa sababu manyoya yao yana unga. Ufa mmoja mrefu ulioanzia pembeni au kwenye kona si wa ndege hata kama umemkuta amelala chini. Huo umetokana na chasi, yaani fremu ya chuma ya dirisha, kukibana kioo. Bukavu jambo hili ni la kawaida: udongo wa miteremko yetu husogea polepole, ukuta unahama kidogo, chuma kinavimba kwa kutu, na kioo kilichokatwa bila nafasi hakina pa kwenda. Ukimsingizia ndege, kioo kipya nacho kitapasuka.

Kama ufa haujafika ukingoni na hakuna kipande kinachocheza, bandika skochi pana (utepe wa kunata) pande zote mbili ukisubiri fundi. Kikicheza, usisubiri.

Hatua ya 3: kung'oa na kuweka kioo kipya

Fanya kazi asubuhi. Msimu wa mvua, Septemba hadi Mei, mchana hauaminiki, na mastiki, ule unga uliokandwa kwa mafuta wa kushikilia kioo, haishiki chuma chenye maji.

Vaa glovu za ngozi, viatu vya kufunika na miwani. Bandika skochi kwenye kioo chote kilichopasuka, mistari ya kwenda na kukatiza, ili vipande visidondoke. Kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo ondoa mastiki ya zamani, ukianzia juu. Vipande vya juu hutoka kwanza; ukianzia chini, vya juu vitakushukia mikononi kama kisu cha bucha. Vifunge kwenye katoni kabla ya kuvitupa, maana kuna mtu atakayeshika takataka hizo.

Sugua chasi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, pitisha rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke. Watu huiruka sehemu hii kwa sababu haionekani kazi ikiisha.

Sasa pima. Pima upana mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu vivyo hivyo. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguza mm 4, yaani mm 2 kila upande. Kwa mfano, ukipata mm 601, 600 na 598, mwambie fundi akate mm 594. Nafasi hiyo ndiyo inayokilinda kioo chasi inaposogea. Pima pia kona kwa kona, pande zote mbili: vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya mm 3, chasi imepinda, na kioo cha pembe mraba hakitakaa. Kata kielelezo cha katoni umpelekee.

Kwa vioo vidogo, hadi upana wa sm 60 hivi, chagua mm 4. Dirisha la sebule linaloelekea ziwani, ambako upepo unapiga moja kwa moja, lipe mm 5 au 6. Vioo vya mm 3 ni rahisi kwa bei, na vinabaki kuwa rahisi mpaka siku ya tetere wa kwanza.

Kioo cha sm 60 kwa 80 kinakula karibu gramu 400 za mastiki, kwa hiyo nusu kilo inatosha. Ikande mikononi mpaka iache kunata. Ikiwa na mafuta mengi, ongeza unga wa chaki kidogo kidogo. Pitisha tabaka la mm 2 hadi 3 kuzunguka chasi, weka vipande viwili vidogo vya mpira chini, kila kimoja kwenye robo ya upana kutoka konani, kisha simamisha kioo juu yake. Kibonyeze pembezoni tu. Anayebonyeza katikati hukipasua kabla hakijaona jua. Rudisha vibanio vinavyoshikilia kioo kwenye chasi, jaza mastiki ya nje, na ulainishe kwa kisu kilicholazwa mshazari ili maji yateleze.

Subiri wiki moja hadi mbili mastiki ifanye ngozi, kisha ipake rangi, na rangi ipande juu ya kioo kwa mm 2. Bila rangi mastiki hukauka na kupasuka, maji huingia, kutu huvimba, na tunarudi kwenye ule ufa wa konani.

Wanaopenda silikoni wainuse kwanza. Yenye harufu kali ya siki inakula chuma kitupu. Kwenye chasi ya chuma dai ile isiyo na harufu ya siki.

Hatua ya 4: alama

Alama zinakaa nje ya kioo. Taswira ya anga hutokea kwenye uso wa nje, kwa hiyo ulichobandika ndani kinafunikwa na mwanga, na pazia jeupe halizuii. Pazia linasaidia mahali pamoja tu: sebule yenye kioo mbele na kioo nyuma, ambapo ndege wa bustanini anaona ziwa kupitia nyumba yako na kudhani ni njia. Hapo funga pazia la upande mmoja, halafu uweke alama hata hivyo.

Nafasi kati ya alama isizidi sm 5, kwa mapana na kwa marefu. Ndege mdogo hujaribu kupita kwenye pengo lolote analoona linamtosha. Ndiyo sababu ile picha nyeusi ya mwewe inayobandikwa katikati ya dirisha haifai kitu: ndege anaikwepa na kugonga sentimita 20 pembeni yake.

Njia ya bei ndogo ni vitone vya rangi nyeupe ya nje. Chovya kifutio cha nyuma ya penseli kwenye rangi na ugonge kioo. Kinatoa kitone cha mm 6 au 7, na chini ya mm 6 hakionekani vya kutosha. Osha kioo kwanza kwa maji ya sabuni na ukikaushe, la sivyo vitone vitabanduka. Chora miraba ya sm 5 kwenye karatasi kubwa, ibandike upande wa ndani, na ufuate mistari ukiwa nje. Dirisha la sm 120 kwa 150 lina safu 23 kwa 29, jumla vitone 667. Inachosha, lakini siku ukitaka kuviondoa wembe unatosha. Chokaa na sabuni ya kipande hufanya kazi ile ile mpaka mvua ya kwanza, kwa hiyo ni za Juni hadi Agosti.

Asiyetaka vitone atumie kamba. Nailoni ya unene wa mm 3, ya rangi inayoonekana, ifungwe kwenye ubao juu ya dirisha na ining'inie mbele ya kioo kila sm 5. Kwa dirisha lile lile ni kamba 23 za sm 150, pamoja na sm 10 za fundo kila moja, yaani karibu mita 37. Upepo wa ziwani utazisokota, kwa hiyo zifunge na chini.

Chandarua cha dirisha ni bora kuliko vyote viwili, kwa sharti kwamba kiko nje, kimevutwa kwenye fremu ya mbao, na kiko sm 5 hadi 7 mbele ya kioo. Kikilegea, ndege anagonga kioo kupitia wavu. Wengi tayari wana chandarua, ila kimewekwa ndani, kihamishe.

Ukimaliza, simama nje mita tano, asubuhi na tena alasiri. Ukiona anga tupu mahali panapoingia zaidi ya vidole vitatu, ongeza alama. Angalia pia kinachowavuta: maua yanayopendwa na chozi, au sahani ya maji. Viwe karibu na kioo chini ya mita moja, ambapo ndege hajapata kasi, au mbali zaidi ya mita kumi. Vioo vya rangi vinavyong'aa kama maji, vinavyopendwa sasa kwenye majengo ya ghorofa, ndivyo vibaya kuliko vyote, na havina budi kupata alama kuanzia siku ya kwanza.

Ndege anayerudi kugonga kioo kile kile kila siku

Huyu hajapotea njia. Mara nyingi ni yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia akitembea uani. Wakati wa kutaga anaona taswira yake kwenye kioo, anadhani ni mpinzani, na anapigana naye tangu alfajiri. Havunji kioo, anakichafua tu na kujichosha. Paka povu zito la sabuni nje, sehemu ile anayoipiga, uliache likauke hapo wiki moja au mbili, na ulirudie mvua ikilisafisha. Akihamia kwenye vioo vya pembeni vya gari, vivishe soksi kila unapoegesha.