Kabla hujalipia ukumbi, tazama mvua na mifuko ya watu

Wewe unayepanga harusi Dar es Salaam au popote ukanda wa Pwani, naomba uiepuke Aprili. Masika huwa Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenyewe: barabara zinajaa maji, wageni wanafika saa tatu usiku wamelowa, turubai linavuja juu ya sufuria za pilau. Punguzo la bei ya ukumbi mwezi huo lisikulainishe.

Mimi nachagua kati ya mwisho wa Juni na Septemba. Mvua ni chache, upepo wa kusi unapunguza joto, bi harusi hatoki jasho mpaka vipodozi vikayeyuka. Tena huko bara wengi wanakuwa wamevuna, hivyo mchango hauwi mzigo kwao.

Januari je? Hali ya hewa inavumilika ijapokuwa kuna joto, lakini ada na sare za shule zimemaliza kila kitu. Kamati itapiga simu mpaka ichoke. Desemba ndugu wapo likizo, ila nauli na kumbi huwa za kugombania, na Wachaga wengi wako Kilimanjaro.

Halafu kalenda ya ibada. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitegemee tarehe za mwaka jana. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, na Kwaresima inaanza 10 Februari. Zungumza na shehe au paroko kwanza, ukumbi baadaye.