SOMO: Gari linalotoka jasho ndani likiwa limeegeshwa

Wakuu, kila ikifika Juni swali ni lile lile kutoka Njombe, Makete na Mbeya: "Asubuhi nakuta vioo vinatiririka maji kwa ndani, tatizo nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hili.

Hesabu kwanza. Gari dogo lina hewa ya kama mita 3 za ujazo. Hewa ya nyuzi 25 hubeba hadi gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya 9 na kitu. Hata ukifunga gari hewa ikiwa imeshiba mvuke kabisa, kitakachogeuka maji kwenye vioo ni gramu 40 hivi, yaani vijiko vitatu vya chakula. Kwa hiyo ukifuta kioo kila siku na kitambaa kinalowa chepechepe, kuna maji yamejificha humo ndani. Mara nyingi yamo chini ya kapeti.

1. Pitisha kidole kwenye kioo. Unyevu ukiwa nje, huo ni umande tu. Funga mjadala.

2. Toa mwavuli, makoti, viatu vya matope, gunia la mboga.

3. Bonyeza kapeti kwa ngumi sehemu zote nne za miguu, kisha funua kwenye shimo la tairi la spea. Weka karatasi ya chooni na uikanyage. Ikilowa, usiendelee na vioo, tafuta chanzo.

4. Chanzo husomwa kwa mahali palipolowa.
Upande wa abiria wa mbele peke yake: angalia bomba la kutolea maji ya AC. Washa AC dakika 10. Kama hakuna matone chini ya gari siku yenye unyevunyevu, bomba limeziba. Lizibue kwa chini, kwa waya laini.
Maji yanateleza, yana harufu tamu, na kioo cha mbele kina utando wa mafuta: hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini), rejeta ndogo ya hita imetoboka. Hapo hakuna dawa ya kukausha, inabadilishwa.
Mbele pande zote mbili baada ya mvua: mfereji ulio chini ya waipa umejaa majani. Walioegesha chini ya mijakaranda wanajua.
Karibu na kizingiti cha mlango: nailoni iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango (ule ubao wa upande wa ndani) imechanwa. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, hushuka na kioo na kutokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwako. Fundi wa spika au wa kioo akiichana, anakuachia bwawa.

5. Huna uhakika? Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira, kuanzia chini kupanda juu, dakika 5 kila sehemu. Ukianzia juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Mashine ya presha hapana.

6. Kukausha kapeti. Hapa wengi huharibu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kapeti likianikwa juu juu hukauka kwa siku moja ya jua, lakini sponji iliyo chini yake hukaa na maji wiki kadhaa, na ukungu wa vioo unarudi. Lazima siti zitoke (Toyota nyingi ni bolti nne, soketi 14) na kapeti liinuliwe. ONYO: plagi za njano chini ya siti ni za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali). Chomoa kwanza terminali hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uziguse. Usiwashe switchi zikiwa zimechomolewa, taa ya eabegi itawaka na itabaki hivyo. Kamua sponji, usiisokote, itakatika. Kagua plagi za nyaya zilizolala sakafuni. Zenye ukijani zimeshaanza kuliwa. Na usiweke jiko la mkaa ndani ya gari "likauke haraka". Linaua.

7. Safisha vioo kwa spiriti, kitambaa kikavu. Kioo chenye utando hushika ukungu upesi zaidi.

8. Dakika 5 kabla ya kufika, zima AC uache feni, hewa ivutwe kutoka nje.

MASWALI

Mdau, Makambako: Gari langu linatoka jasho, nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 1. Halafu ya 2.

Mdau, Tukuyu: Si niweke tu bakuli la chumvi? Watu wanasema inasaidia.
Jibu: Chumvi ya mezani haivuti maji mpaka unyevu wa hewa upite asilimia 75. Ikimwagika, unailisha bodi kutu. Vifuko vya silika vinafaa kwa unyevu mdogo, si kwa kapeti lililolowa.

Mdau, Mafinga: Fundi kapaka silikoni raba zote, bado.
Jibu: Alifungua pambo la mlango? Kama hapana, hajagusa tatizo. Soma tena ya 4.

Mdau, Dar: Huku kwetu kioo kinafunga ukungu kwa nje nikiwa na AC. Kwa nini kinyume?
Jibu: Swali zuri. Kanuni ni ile ile: mvuke hugeuka maji upande wenye joto unapogusa kioo baridi. Kwenu hewa ya nje ndiyo yenye joto na mvuke, na AC inakipoza kioo. Elekeza hewa mbali na kioo, punguza baridi, piga waipa. Njombe ni kinyume: washa AC na hita pamoja. AC inakausha hewa, hita inapasha kioo. Haviharibiani.

Mdau, Iringa: Nalala garini safarini, nakuta mvua ndani.
Jibu: Pumzi yako peke yake usiku mzima hutoa zaidi ya mililita 100. Shusha vioo viwili vya pande tofauti upana wa kidole, ukiwa na vile vikinga mvua vya madirishani. Egesha chini ya banda, maana kioo kinachotazama anga tupu hupoa kuliko hewa yenyewe.

Mdau, Mbeya: Nyongeza: mikanda ya siti nayo hunywa maji ikanuka. Ivute yote, ibane na kibanio cha nguo ikauke.
Jibu: Hiyo niliisahau. Asante mkuu.