Jinsi ya kupima kama bondia maarufu anasifiwa kupita kiasi: tumchukue Mike Tyson

Ubishi wa Tyson hauishi. Mmoja anakwambia hajawahi kutokea mtu wa kupiga ngumi kama yule, mwingine anasema alipiga vibonde na wazee alafu alipokutana na watu wa maana akalazwa. Nimebishana sana kuhusu hili na nilichogundua ni kwamba hawa watu wawili mara nyingi hawabishani kabisa, huyu anamwongelea Tyson wa 1988 na yule anamwongelea Tyson wa 2002, jina ni moja basi wanadhani wanaongelea mtu mmoja. Kwa hiyo naandika hapa namna ninayopima mimi. Unaweza kuitumia kwa bondia yeyote, ila mi nitakaa na Tyson mwanzo mwisho kwa sababu ndo bondia anayeonewa pande zote mbili, na wanaomponda na wanaomwabudu.

Kitu cha kwanza, weka pembeni zile klipu za nokauti. Klipu imekatwa ili uone dakika moja ambayo jamaa anaua, haikuonyeshi dakika thelathini alizohangaika. Fanya hivi: kabla ya kwenda Tokyo mwaka 1990, alikopigwa na Buster Douglas, Tyson alikuwa na mapambano 37, kashinda yote, 33 kwa nokauti. Watu wote wanakimbilia hizo 33. We anza na yale manne yaliyobaki, yaliyofika mpaka kengele ya mwisho, yani James Tillis na Mitch Green mwezi Mei 1986, alafu Bonecrusher Smith na Tony Tucker mwaka 1987. Hayo manne yatakufundisha kuliko nokauti zote.

Mwangalie na Smith. Smith alipoonja ngumi kidogo tu akaamua kukumbatia, raundi 12 nzima anamshika Tyson mikono, na angalia Tyson anafanya nini akishikwa: anasimama, anamsubiri refa aje awaachanishe. Hapigi mbavu, hasukumi, hajinasui. Iweke hiyo kichwani kwa sababu miaka tisa baadaye Evander Holyfield ataifanyia kazi na kumpiga. Alafu mwangalie na Tucker, bondia mrefu ambaye alikuwa hajapoteza pambano, raundi ya kwanza tu anamchapa Tyson konde la kushoto kutoka chini na Tyson anarudi nyuma kabisa. Sasa hapo wale wanaosema Tyson alikuwa mbabe tu asiye na akili inabidi wakae kimya, kwa sababu hakupaniki, alitulia, akacheza raundi 12 za ngumi safi, kichwa kinahama, ngumi ya kushoto inatangulia, akashinda kwa pointi na kuchukua mkanda wa tatu. Mtu wa sentimita 178 kwenye uzito wa juu anampiga mrefu kwa ufundi. Hiyo huikuti kwenye klipu.

Cha pili, na hapa ndo kwenye kazi yenyewe, fungua rekodi yake (kuna BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, bure) na uchukue karatasi. Kwa kila mpinzani mkubwa andika umri wake siku ile, alikuwa ametoka kufanya nini, na alifanya nini BAADA ya kupigwa. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau na ndo inayogeuza mambo.

Mfano Larry Holmes, Januari 1988. Wabishi watakwambia Holmes alikuwa mzee, na ni kweli, alikuwa na miaka 38 na alikuwa hajapanda ulingoni karibu miaka miwili. Ukiishia hapo umempa Tyson sifuri. Sasa endelea kuandika. Holmes alipigana mapambano 75 maisha yake yote na mtu pekee aliyewahi kummaliza kabla ya kengele ya mwisho ni Tyson, raundi ya nne. Na huyo huyo "mzee" miaka minne baadaye, ana miaka 42, alimpiga Ray Mercer aliyekuwa hajapoteza pambano, kisha akamaliza raundi 12 na Holyfield. Kwa hiyo ushindi ule sio wa kumpiga Holmes wa 1980, lakini pia sio wa kumpiga maiti. Uweke katikati, tena karibu zaidi na juu.

Michael Spinks ni kinyume chake. Kwenye karatasi anang'aa: mapambano 31 bila kupoteza, kamfunga Holmes mara mbili. Ila alikuwa mtu wa uzito wa chini yake aliyepanda, na ule ushindi wa pili dhidi ya Holmes wengi waliuona wa utata. Baada ya Tyson hakupigana tena kabisa. Mi bado naupa ushindi huu uzito mkubwa, sababu nitaisema chini.

Waliobaki andika haraka haraka. Trevor Berbick, Pinklon Thomas, Tony Tubbs, Smith, wote waliwahi kuwa mabingwa na wote walikuwa wanapokezana mikanda kama kijiti, huyu anashika miezi kadhaa anampa yule. Zama zile hazikuwa za Ali, Frazier na Foreman, tukubaliane tu. Lakini mtu mmoja wa miaka 20 alikuja Novemba 1986 akamlaza Berbick raundi ya pili, na mpaka Agosti 1987 alikuwa ameikusanya mikanda yote mitatu, ya vyama vya WBC, WBA na IBF. Ukisema zama zilikuwa dhaifu basi sema pia nani aliyezisafisha.

Cha tatu ni tarehe. Kila bondia maarufu ana visingizio vyake na mashabiki wanavirusha bila mpangilio, we vipange kwenye mstari mmoja uone kipi kinasimama. Wanasema alianguka kwa sababu Cus D'Amato, kocha aliyemlea, alikufa. Cus alifariki Novemba 1985, mikanda yote ilikuja baada ya hapo, kwa hiyo hicho hakisimami. Wanasema jela ilimmaliza. Alihukumiwa kwa kosa la kubaka mwaka 1992 na akatoka 1995, wakati Buster Douglas alimlaza Februari 1990, miaka miwili kabla. Kisingizio cha jela unaweza kukitumia kwa kipigo cha Holyfield cha 1996 ukitaka, sio kwa Douglas. Wanasema kumfukuza kocha Kevin Rooney ndo kulimwangusha, na hiki kidogo kinasimama, Rooney aliondolewa 1988 na ukiangalia pambano la Frank Bruno Februari 1989 utaona kwa macho yako: kichwa hakihami kama zamani, ngumi zinakuja moja moja badala ya tatu au nne, na Bruno anamtikisa raundi ya kwanza. Lakini sasa kocha alifukuzwa na nani? Si yeye mwenyewe na watu aliowachagua? Uamuzi wa bondia ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo ngumi yake ya kushoto, huwezi kumpa sifa za nidhamu ya 1986 alafu ukamwondolea lawama za 1989.

Cha nne ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote na ndo kinachonifanya niseme ninachosema kuhusu Tyson. Tafuta pambano ambalo alikuwa anapoteza, akaligeuza. Sio alishinda kwa tabu, hapana, ANAPOTEZA, au kaangushwa, alafu akashinda. Rocky Marciano aliangushwa raundi ya kwanza na Walcott Philadelphia mwaka 1952, alikuwa nyuma kwa pointi, akamlaza raundi ya 13. Joe Louis alikuwa nyuma kwa Billy Conn mwaka 1941, naye raundi ya 13. Holmes aliangushwa vibaya na Earnie Shavers 1979, akanyanyuka akammaliza raundi ya 11.

Tyson? Ukimtoa Francois Botha wa 1999, aliyekuwa anaongoza kwa pointi kabla ya kulazwa raundi ya tano, hana hata moja. Aliangushwa na Douglas, akapoteza. Holyfield alimwangusha raundi ya sita mwaka 1996, akapoteza raundi ya 11. Lennox Lewis, Danny Williams, hivyo hivyo. Kila aliponyanyuka kutoka chini alikwenda kushindwa.

Na pambano la Douglas liangalie lote, usiangalie mwisho tu. Kona ya Tyson hawakuja hata na kile chuma cha baridi cha kupunguza uvimbe wa jicho, wakajaza glovu ya mpira maji ya barafu wakawa wanamwekea nayo usoni, bingwa wa dunia. Raundi ya nane Tyson, jicho limeziba, anapata nafasi moja na kumwangusha Douglas kwa konde la kulia kutoka chini, na hapo ndo alikuwa karibu kabisa kupata lile pambano ninaloliongelea. Kuhusu malalamiko kwamba refa alimhesabia Douglas polepole, mi sibishani sana, bondia anamsikiliza refa, akisema nane unanyanyuka nane. Raundi ya kumi Douglas anamnyanyua kichwa kwa konde kutoka chini, alafu nne mfululizo, na Tyson yuko chini mara ya kwanza katika maisha yake ya ulingo, anatambaa anatafuta kinga ya meno, anaishika, anaiweka mdomoni upande upande inaning'inia, anajaribu kusimama. Anajaribu kusimama, hilo naomba uliandike kwenye karatasi yako. Hakukosa moyo. Wanaosema Tyson alikuwa mwoga hawajaiangalia hiyo raundi, na hawajaangalia zile raundi 12 na Razor Ruddock Juni 1991.

Cha tano nakipitisha haraka: uwe na kipimo kimoja kwa kila pambano. Kama pambano la Jake Paul la Novemba 2024, Tyson ana miaka 58, hulihesabu kama kushindwa (na mi silihesabu), basi usimhesabie kibonde Peter McNeeley wa 1995 kama ushindi. Lewis wa 2002 alikutana na Tyson anayekaribia miaka 36 aliyekwisha, sawa, kwa hiyo hilo pambano lisitumike sana na upande wowote. Na wale ambao hakukutana nao, Foreman na Riddick Bowe, waache, ngumi za kufikirika hazina majaji.

Ukimaliza hayo yote usijibu swali moja, jibu mawili. Kilele chake kinasifiwa kupita kiasi? Mi nasema hapana, na ndo maana narudi kwa Spinks, Juni 1988, sekunde 91. Liangalie mara moja kwa kasi ya kawaida, alafu taratibu. Spinks anapigwa mwilini anapiga goti, anahesabiwa, anarudi, anarusha mkono wa kulia, Tyson kichwa kishaondoka na ngumi mbili zimeshaingia. Anakwepa na kupiga kwa pamoja, hakuna nafasi kati yake. Kwenye uzito wa juu sijaona tena mtu mfupi anafanya hivyo kwa mtu ambaye hajawahi kupoteza.

Na kazi yake nzima je? Hapo ndiyo, anasifiwa kupita kiasi na watu wanaomweka juu ya Ali, Louis na Holmes. Kilele cha kweli ni kama miaka miwili hivi, kuanzia Berbick mpaka Spinks, na baada ya hapo hamna ushindi hata mmoja dhidi ya bondia mkubwa aliye kwenye ubora wake, labda Ruddock umbebe. Hata Holyfield namweka juu yake: kampiga Tyson mara mbili, na ile ya pili Tyson kamng'ata sikio kwa sababu alishaona linakoelekea. Na alimfanyia nini? Alimshika, akamsukuma, akamfanya asimame asubiri refa, kile kile ulichokiona kwa Smith mwaka 1987.

Sasa chukua karatasi nyingine mfanyie Marciano, mapambano 49, kashinda yote 49. Andika umri wa Louis siku alipopigana naye, 37, wa Walcott, 38, alafu nenda kaangalie raundi ya 13 ya Philadelphia kabla hujaandika jibu.