Umetoka kwenye Boxer umepanda spoti ya silinda mbili, jiandae na haya

Wengi huku Tabora wanaopata hizi pikipiki za spoti za silinda mbili, iwe Ninja 400 ya Kawasaki, R3 au R7 ya Yamaha, au CBR500R ya Honda, wametokea kwenye Boxer au TVS, na shida inaanzia hapo hapo maana mtu anajua kanunua Boxer yenye nguvu zaidi. Sio kabisa. Spidi utaizoea, kinachosumbua ni tabia za bodaboda ulizokuja nazo.

Mwendo kwanza. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi kama 12 hivi, Ninja 400 inapita 40, kwahiyo ile staili ya kuachia klachi ghafla sahau. Ukiwa gia ya juu halafu injini iko mizunguko ya chini itakuwa inastukastuka na cheni inagonga, hiyo siyo ugonjwa, shusha gia tu. Ukiachia mafuta utaona inajishika yenyewe kabla hujagusa breki, sasa usifanye hivyo katikati ya kona yenye mchanga. Kama ni mpya kabisa usiivute mpaka mwisho zile kilomita 1000 za kwanza, na zikifika tu mwaga oili, weka na filta mpya.

Mlio nao usikutishe. R7 na ndugu yake MT-07 krenki zake (shafti inayozungushwa na pistoni) ni digrii 270 ndo maana zinaunguruma kwa kudundadunda, R3 na Ninja 400 ni 180, zina mlio mwembamba zaidi. Fundi akikwambia "hii inamisi" muulize kwanza kama ashawahi kusikia nyingine ya aina hiyo.

Oili sasa, hapa ndo watu wanaumia. Klachi ya hizi piki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, ukiweka oili ya gari zile zenye dawa ya kupunguza msuguano klachi inaanza kuteleza, unavuta mafuta injini inalia ila piki haiendi. Geuza kopo usome nyuma, kama hujaona JASO MA au MA2, yaani alama ya oili inayofaa klachi ya aina hii, rudisha dukani hata kama muuzaji anakuapia. Unene angalia kitabu, nyingi zinataka 10W-40, siyo 20W-50 kwa sababu tu boda wote wanaweka hiyo.

Cheni ndo usiseme. Ile chupa ya oili chafu ya kupaka cheni iache huko huko kijiweni, kwa vumbi la huku inageuka msasa na sproketi zinaisha mapema. Halafu cheni ya hizi ina viringi vidogo vya mpira katikati ya pingili, ndo vinashikilia grisi ndani, ukiosha kwa petroli au ukasugua na brashi ya waya umeviua. Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini, futa kwa kitambaa, halafu pulizia dawa ya cheni upande wa ndani huku unazungusha tairi kwa mkono, INJINI IMEZIMWA, vidole havina spea.

Joto: Septemba na Oktoba jua la Tabora unalijua, ukisimama kidogo tu feni inawaka na hewa ya moto inakupiga miguuni, ni kawaida. Rejeta weka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), maji ya kisima yana chumvi yanaziba njia. Usifungue mfuniko ikiwa ya moto. Na pale kaoshe mwambie kijana presha ya maji asiielekeze kwenye rejeta, vile vibati vyembamba vikilala hewa haipiti tena.

Kiki hakuna. Betri ikifa umekwama, hata kusukuma kunaweza kugoma maana injeksheni, ule mfumo wa kupulizia mafuta kwenye injini badala ya kabureta, inataka umeme, kwahiyo usimruhusu mtu aunge mataa na honi za ajabu ajabu. Petroli ya kwenye chupa barabarani iogope pia, uchafu wake unaenda kwenye nozo na huwezi kuigongagonga kama kabureta ikakubali. Sasa ukitaka kwenda Mpanda, ni zaidi ya kilomita 300 na tangi za nyingi ni kama lita 14, kwa lita moja utapata kama 25 ukiwa mpole, ukiikimbiza inashuka, piga hesabu mwenyewe halafu ujaze kabisa Sikonge.

Matuta ya vijijini pita taratibu, tumbo la hizi liko chini. Viganja vitauma mwanzoni, bana tangi kwa magoti uache kuegemea usukani. Mama watoto hiyo siti ya nyuma ataipanda mara moja tu.

Valvu ziko nane, Kawasaki kwenye Ninja 400 wanasema zikaguliwe kila kilomita 24,000, hiyo kazi siyo ya chini ya mwembe na spana ya kuazima. Brekipedi na filta nunua mapema zikae ndani, mtaani huzipati. Ukiagiza Dar mtumie muuzaji picha ya namba ya fremu na mwaka wa piki, usimwambie tu "ya Ninja", maana huku kila piki kubwa inaitwa Ninja na utatumiwa kitu cha piki nyingine kabisa.